Mbegu Tulizibeba, Hesabu Tuliiacha
Historia fupi ya bustani za mboga za familia zetu, na namna ya kuipanga yako



Watayarishaji wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike namna ya kupanga bustani ya mboga na viungo vya nyumbani, kwani vijana kadhaa wamekuwa wakiuliza. Nilipokaa kuandika niliona siwezi kuueleza mpango bila ya kueleza umetoka wapi. Mpango tunaoutumia hapa Portsmouth haukutoka katika kitabu kimoja. Nusu yake ilitoka Unguja, nusu yake ilitoka katika karatasi ya serikali ya Kiingereza ya wakati wa vita, na baina ya nusu hizo mbili ipo miaka mitatu ya hasara. Basi naomba ruhusa nianze na historia, kisha nitafika kwenye matuta.

BUSTANI YA UANI

Mtu akitaja historia ya kilimo cha Unguja, kwanza hutaja karafuu. Ni haki yake. Karafuu zililetwa mwanzoni mwa karne ya 19, tufani la mwaka 1872 likaiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikashika usukani. Hayo yote yameandikwa sana. Lakini karafuu hailiwi na wali. Kitoweo cha kila siku kilitoka katika kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, na aliyekisimamia aghalabu alikuwa mwanamke. Bwana R. O. Williams alikusanya majina ya mimea mingi ya aina hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1949 juu ya mimea ya manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Lakini namna bibi zetu walivyoipanga mimea ile, na kwa nini, haya yalibaki vichwani mwao.

Uani kwetu, katika viunga vya mji, nanaa iliota pale yalipomwagika maji ya mtungi, kwa sababu nanaa hupenda miguu yake ilowe. Mrehani ulikuwa karibu na mlango, pilipili mbuzi ukutani, mchaichai pembeni ambapo mizizi yake ilizuia udongo usichukuliwe na mvua. Mdimu ulikuwa mbali kidogo kwa ajili ya miba na watoto. Nyuma zaidi ndipo palipokuwa na mchicha, bamia, kunde, matembele na mihogo ya kisamvu. Mtoto angesema vimejiotea tu. La. Kila kitu kilikuwa na mahali pake na, zaidi ya hapo, kila kitu kilikuwa na siku yake.

Hili la siku ndilo ninalotaka mlishike, maana ndilo shina la maneno yangu yote. Kalenda yetu ya ibada ni ya mwezi, nayo hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua. Mwezi wa Ramadhani huweza kuja wakati wa masika, na baada ya miaka kadhaa ukaja wakati wa kaskazi. Kwa hivyo mkulima hawezi kupandia mwezi wa Kiislamu, wala nahodha hawezi kusafiria. Watu wa pwani walikuwa na hesabu nyengine pamoja na hiyo, nayo ni hesabu ya Nairuzi, ambayo jina lake ni la Kiajemi. Mwaka huo ni wa siku 365, na huhesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi: miongo 36, kisha siku tano za kumalizia. Siku yake ya kwanza ndiyo ile Siku ya Mwaka ambayo wenyeji wa Makunduchi huisherehekea hadi leo kwa Mwaka Kogwa, mnamo mwezi wa Julai. Ukianza kuhesabu hapo, mvua za masika za mwezi wa Machi zinakuja baada ya miongo 24 hivi.

Bibi yetu hakujua tarehe za Kizungu. Lakini ukimwuliza leo ni mwongo wa ngapi, alikujibu kabla hujafunga mdomo. Alijua mwongo wa kutifua, mwongo wa kutia mbegu, na mwongo wa kuacha kupanda kwa sababu mvua imekwisha na mbegu itapotea bure.

Marehemu mama alijifunza hayo kwake wakati wa shida. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, na mchele uliokuwa ukija Unguja kutoka huko ukakatika. Chakula kikagaiwa kwa kadi, na kadi zenyewe zikawagawa watu kwa makabila, huyu apate mchele na yule unga. Serikali ikawahimiza watu walime muhogo na vyakula vyengine. Mama alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, na alikuwa akisema kuwa mwaka ule ndio aliojua kwamba bustani si pambo.

KISIWA HADI KISIWA

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 watu walitawanyika. Wako waliokwenda Dar es Salaam na Mombasa, wako waliokwenda Misri na Ghuba, na baada ya mwaka 1970 wengi walikwenda Oman. Baadhi yetu tulifika Uingereza, na katika hao wako waliokaa hapa Portsmouth, mji aliokuwa akiishi Sayyid Jamshid tangu mwaka 1964 hadi alipohamia Oman mwaka 2020. Sehemu kubwa ya mji huu iko kisiwani. Nakumbuka mama alipoambiwa hivyo alifurahi, akasema, "Basi tumetoka kisiwa tumeingia kisiwa."

Tulifika mwaka 1966. Katika mzigo wa mama kulikuwa na kichupa cha dawa kilichokwisha, na ndani yake mbegu za mchicha, mrehani, pilipili mbuzi na kunde chache, kila moja katika kijikaratasi chake. Kichupa kile kilikaa juu ya kabati miaka mitano. Nyumba yetu ilikuwa moja katika safu ndefu ya nyumba zilizogandana, na ua wake ulisakafiwa saruji, mpana wa kutosha kuanika nguo tu.

Mwaka 1971 ndipo jirani alipotuambia khabari za makonde ya manispaa, yale ambayo sisi wenyewe tumezoea kuyaita alotimenti. Nitayaeleza kidogo, kwa sababu vijana wetu wengi hudhani ni mchezo wa wazee waliostaafu.

KONDE LA MANISPAA NI NINI?

Zamani vijiji vya Uingereza vilikuwa na ardhi ya pamoja, ambapo maskini alichunga mbuzi wake na kuokota kuni. Katika karne ya 18 na ya 19 ardhi hiyo ilizungushiwa ugo kidogo kidogo, ikawa mali ya wenye mali. Maskini akabaki na mikono mitupu. Kwa kuogopa njaa na fujo, kukaanza desturi ya kuwakodisha watu vipande vidogo wajilimie. Mwaka 1887 ilitoka sheria ya kwanza ya kuzitaka serikali za mitaa zitoe makonde hayo pale yanapohitajika, na mwaka 1908 ikatoka sheria yenye nguvu zaidi, ambayo hadi leo ndiyo msingi. Sheria ya mwaka 1922 ikaeleza kwamba konde la namna hii ni la kulima mboga na matunda ya kuliwa na mwenye konde na familia yake. Yaani si la biashara. Ile ya mwaka 1925 ikaweka kizuizi kwamba ardhi iliyonunuliwa kwa kazi hiyo isiuzwe bila ya idhini ya waziri.

Kipimo cha kawaida cha konde moja ni rodi 10 za mraba, kipimo cha kale cha Waingereza. Rodi moja ni futi 16 na nusu, kwa hivyo konde zima ni kiasi cha mita 250 za mraba.

Vita ndivyo vilivyoyajaza makonde haya. Katika Vita Vikuu vya Kwanza manowari za Kijerumani zilizamisha meli za chakula, na kufika mwaka 1918 makonde yalikuwa yamekaribia milioni moja na nusu. Katika vita vya pili serikali ilianzisha mwaka 1939 mwito wa "Lima kwa Ushindi". Viwanja vya mpira vililimwa, bustani za maua zililimwa, hata handaki linaloizunguka Tower of London lilipandwa mboga. Vyakula viliendelea kugaiwa kwa kadi hadi mwaka 1954. Halafu watu wakapata madukani kila walichotaka, wakayaacha makonde. Katika miaka ya 1960 serikali iliunda kamati chini ya Profesa Harry Thorpe kuuchunguza mambo hayo, na ripoti yake ya mwaka 1969 ilionyesha jinsi yalivyozorota. Ndiyo maana sisi mwaka 1971 hatukukaa foleni. Tuliomba, tukapewa.

MIAKA MITATU YA HASARA

Mwaka wa kwanza mama alitia mbegu mwezi wa Machi. Kwa nini Machi? Kwa sababu Machi ni masika. Hakuliwaza hata kidogo. Mkono wake ulijua wenyewe. Mchicha haukuota. Zile kunde zilioza ardhini. Tukasema mbegu zimezeeka, tukaandika barua, jamaa wakatuletea nyengine.

Mwaka wa pili tulingoja hadi Mei. Mchicha ukaota, lakini ukasimama kama umetiwa pini, mweupe na mwembamba. Tulikuwa tumepanda mahindi mbele yake, upande wa kusini, tukayaona yanastawi, tukafurahi. Hatukujua kuwa mahindi yale ndiyo yaliyoula mchicha. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta. Jua hupita utosini, miezi mengine limeinamia kaskazini kidogo, miezi mengine kusini kidogo, na kivuli cha mchana hakifiki mbali. Hakuna aliyewahi kutuuliza jua liko upande gani. Hapa tuko karibu nyuzi 51 kaskazini. Jua la adhuhuri wakati wote liko kusini, na kivuli chake wakati wote kinalala kaskazini. Kilicho kirefu kikiwa kusini, kilicho nyuma yake kimekaa gizani.

Mwaka wa tatu tulijifanya Waingereza. Tulipanda kabichi, na tulizipanda zote siku moja, pale pale tulipopanda kabichi mwaka wa nyuma. Nusu ya mizizi ilivimba vinundu, majani yakawa manjano yakalala. Ni ugonjwa unaokaa udongoni miaka mingi ukingojea kabichi nyengine. Nusu iliyosalia ilikomaa yote katika wiki moja. Tulikula kabichi asubuhi na jioni, tukagawa mtaa mzima, na baada ya wiki mbili hatukuwa na jani hata moja la kutia chunguni.

Mama alikasirika. Akasema atalirejesha konde.

KARATASI YA YULE MZEE

Konde la pili yake lilikuwa la mzee mmoja wa Kiingereza, mtu wa maneno machache. Alikuwa ametutazama miaka yote mitatu. Siku moja ya baridi, mwanzoni mwa mwaka 1975, alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nyingi hata mikunjo ikataka kukatika. Ilikuwa karatasi ya Wizara ya Kilimo ya wakati wa vita, ya ule mwito wa Lima kwa Ushindi. Ndani yake kulichorwa ramani ya konde la futi 90 kwa 30, limegaiwa sehemu tatu: moja ya jamii ya kabichi, moja ya viazi na mboga za mizizi, moja ya maharage, njegere na vitunguu. Kila mwaka sehemu hizo huhama, ili mmea usirudi mahali pake ila baada ya miaka mitatu. Pembeni kulikuwa na orodha ya nini kipandwe lini na kivunwe lini, kusudi nyumba ipate mboga mwaka mzima.

Mimi nilikuwa mkalimani. Mama hakuitazama ramani sana. Aliitazama ile orodha. Akaniambia, "Mwulize, baridi ya kuua huisha lini?"

Mzee akasema kuwa hapa pwani huisha mapema kuliko bara, lakini mtu asiyetaka kulia angoje mwisho wa Mei.

"Mwambie, na wao wana miongo," mama akasema.

Sikujua nilifasiri vipi neno hilo. Nilimwambia yule mzee kwamba mama yangu anasema mna hesabu kama ya kwetu. Akacheka, akamwuliza mama wakati wa vita alikuwa wapi. Nikamweleza khabari ya mchele wa Burma na muhogo. Akavua kofia. Walikaa juu ya ndoo zao mbili, kila mmoja akizungumza lugha yake, hadi jua lilipokuchwa, nalo siku zile huchwa saa kumi na nusu ya jioni.

Usiku ule ndipo mama alipogundua kosa letu, na maneno yake nimeyafanya kichwa cha makala hii. Alisema: mbegu tulizibeba, hesabu tuliiacha.

Tena akaongeza jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Hesabu ya Unguja isingetufaa hata kama tungeibeba. Kule bibi alihesabu kwa ajili ya mvua. Hapa mvua si neno, hunyesha hata usipoiomba. Kinachohesabiwa ni baridi na jua. Mwezi wa Juni jua hukaa juu saa 16 na zaidi, Disemba saa 8 tu. Kwa hivyo ilibidi tujifunze upya kuhesabu, ila kwa njia ile ile.

HESABU YA MAMA

Mama aliifanya tarehe 31 Mei kuwa Siku yake ya Mwaka. Kutoka hapo alihesabu miongo kwenda nyuma, kisha miongo kwenda mbele, na akaandika yote katika daftari la skuli kwa herufi za Kiarabu, kwa Kiswahili. Nimelinakili hapa kwa ufupi:

Miongo 10 kabla ya Mwaka (kiasi cha tarehe 20 Februari): pilipili na bilingani zitiwe ndani ya nyumba, mahali pa joto. Ni mimea ya polepole, haipendi kuharakishwa.

Miongo 7 kabla (mwishoni mwa Machi): nyanya ndani ya nyumba. Nje, viazi vya mapema na vitunguu.

Miongo 5 kabla: kotmiri ya mwanzo nje. Kotmiri, tofauti na wenzake, hupenda ubaridi. Joto likizidi hukimbilia kutoa maua. Irejewe kutiwa kila baada ya mwongo mmoja na nusu, kidogo kidogo, hadi Agosti.

Miongo 4 kabla: mchicha na bamia ndani, katika trei. Bamia hapa ni mmea wa chini ya kioo. Asiye na kibanda cha kioo asijisumbue.

Miongo 3 kabla: maboga ndani, mbegu isimame kwa ubavu. Nje, uwatu.

Mwongo 1 kabla: miche yote itolewe nje mchana na irejeshwe ndani usiku, ili izoee upepo. Mwongo huu usirukwe. Mche uliolelewa ndani ukitolewa ghafla hubabuka.

Siku ya Mwaka: vyote nje. Kunde zitiwe moja kwa moja ardhini, kwa ajili ya majani.

Miongo 3 baada ya Mwaka (mwisho wa Juni): viazi vya mapema vimetimiza miongo kumi, vichimbwe. Pale pale, siku ile ile, mwagia mbegu za mchicha. Udongo umekwishapata joto na umetifuliwa na viazi. Huu ndio mchicha mzuri kuliko wote.

Miongo 7 baada: uwatu wa mwisho.

Miongo 15 baada (mwisho wa Oktoba): mbegu ziwe zimekwishakusanywa na kukaushwa. Vitunguu saumu vipandwe. Mchaichai na mdimu, ambavyo vimo vyunguni, viwe vimekwishaingizwa ndani.

Utaona kuwa hakuna ajabu yoyote hapa. Ni kazi ya kuhesabu. Lakini tangu mwaka 1975 hatukupoteza tena msimu mzima.

RAMANI YA KONDE

Kwa anayeanza, nashauri achukue nusu konde. Konde zima humshinda mtu mwenye kazi na watoto, na magugu hayana huruma. Kabla ya kushika chepe, simama katikati adhuhuri utazame kivuli chako: kinakoelekea ndiko kaskazini. Huko ndiko viende virefu vyote, yaani mahindi na maharage ya kupanda mitini. Mahindi yapandwe mraba, mistari minne kwa minne, si mstari mmoja mrefu, kwa kuwa huchavushwa na upepo na mstari mmoja hutoa magunzi yenye mapengo. Katikati vikae vya kimo cha wastani, kusini vya chini. Acha njia ya futi mbili ipite toroli. Pembe yenye kivuli iwe ya mboji. Pipa la maji lisiwe mbali na miche. Mtu akichoka kubeba ndoo huacha kumwagia, na hapo ndipo bustani nyingi zinapofia.

Zigawe sehemu tatu kama ile karatasi ya vita, nazo zihame kila mwaka. Mchicha hauna ugomvi na mtu, huingia popote palipoachwa wazi.

Viungo visikae kondeni. Viungo vikae karibu na mlango wa jiko, kwa sababu hakuna anayetembea nusu maili kwenda kukata majani matano ya nanaa huku chungu kiko motoni. Nanaa iwe chunguni peke yake, la sivyo itatawala bustani nzima. Mrehani ukae dirishani penye jua. Uwatu na giligilani huna haja ya kununua pakiti za mbegu; zile nzima zilizomo jikoni kwako, kama hazikukaangwa, huota. Giligilani iviringishe kidogo chini ya chupa ipasuke, kwani kila punje ina mbegu mbili. Mwenye ua wa saruji tu, kama tuliokuwa nao sisi, ana nafasi ya kutosha kwa hivi vyote.

KWA JAMAA ZETU WA OMAN

Msiinakili hesabu hii mkaitumia Muscat au Nizwa, mtapata hasara yetu ile ile, ila kwa upande wa pili. Kwenu kinachoua si baridi ni kiangazi. Msimu wenu wa mboga huanza Oktoba na Novemba, wakati sisi tunafunga. Na mababu wa huko walikuwa na hesabu yao pia, ya maji: falaji hugaiwa kwa zamu, na kipimo chake, athari, ni kiasi cha nusu saa. Mitano katika miferaji hiyo iliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Ningependa sana mmoja wenu atuandikie hayo katika kitabu cha mwaka ujao, maana shangazi na ami zenu waliotoka Unguja hapana shaka nao walitia mchicha katika mwezi usiokuwa wake.

NENO LA MWISHO

Nimeandika haya kwa sababu mbili, na zote ni za haraka.

Ya kwanza ni lile daftari. Mama alipofariki lilikaa katika mtoto wa meza miaka kadhaa, na wajukuu wakalipita. Hawakulidharau, hawakuweza kulisoma. Herufi za Kiarabu wanazijua kwa Qur'ani, lakini Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo kiliwashinda, na neno "mwongo" walidhani ni mtu asemaye uwongo. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila khabari. Hii ilikuwa na daftari, na bado ilikaribia kupotea. Nauliza basi: katika kabati zenu mna madaftari mangapi? Yatoeni, yasomwe, maadam wako bado wanaoweza kuyasoma.

Ya pili ni makonde yenyewe. Familia zetu zilikuwa na matano hapa mjini. Yamebaki mawili, na wenyewe sote tumepita miaka sabini. Kwa kanuni za hapa kwetu mkataba ni wa mtu, haurithiwi na ukoo. Mwenyewe akifariki, konde huenda kwa aliye mbele katika foleni, na foleni ya leo si ile ya mwaka 1971. Wala si kosa la mtu, ndivyo ilivyo haki kwa waliongoja. Lakini anayetaka aandikishe jina lake sasa, asingoje siku ya msiba. Na mkumbuke kuwa sheria ile ya mwaka 1908 inasema kwamba watu sita, wapiga kura au walipa kodi ya mtaa, wakiandika barua pamoja kuomba makonde, manispaa haina budi kuitazama barua yao. Watu sita! Kwetu sisi watu sita hawajazi mkeka mmoja.

Mbegu za mchicha ninazo. Ni zile zile za kichupa cha dawa na za jamaa waliotuletea baadaye, zimezaliwa na kuzaliwa tena katika udongo wa Portsmouth karibu mara hamsini. Zitunzeni, kwani siku hizi mbegu nyingi kutoka ng'ambo haziruhusiwi kuingia bila ya cheti cha afya ya mimea, na mambo ya kichupa mfukoni yamekwisha. Kila mwaka chagueni mche mmoja ulio mzuri kuliko wote, msiukate, uacheni utoe maua. Mmoja huo unatosha nyumba kumi.

Nitazigawa siku ya Idi, baada ya sala, pamoja na nakala ya daftari la mama kwa herufi za Kirumi. Atakayechukua mbegu bila ya kuchukua daftari nitamrudisha.

Wassalaam.